Muhula wa Mate Mekundu

Jumatatu, 6 Mei
Shule imefunguliwa. Funguo zote za shule hii ninazo mimi, kwa hiyo huingia wa kwanza na kutoka wa mwisho, na hapo katikati naona mambo. Watoto huniita Mama Funguo. Walimu huniita "hebu": hebu njoo, hebu fungua, hebu fagia pale. Daftari hili aliliacha mwanafunzi aliyehama, likiwa na kurasa themanini safi. Kulitupa ingekuwa dhambi, na kulirudisha stoo ingekuwa ujinga.

Leo asubuhi mstarini Mwalimu Mkuu katangaza kwamba muhula huu darasa la sita watafundishwa habari za fizi. Meno ningeelewa. Fizi zina nini cha kufundishwa muhula mzima?

Jumanne, 7 Mei
Kafika. Ni tabibu wa meno kutoka zahanati, binti mwembamba, kakumbatia taya la plasta kubwa kama kigoda na mswaki mrefu kama mkono wangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hilo taya la nani?"

"La kufundishia, mama."

"Mwenyewe hajalidai?"

Hakucheka. Nikajua kazi tunayo.

Kapewa dakika kumi na tano kila asubuhi baada ya mstari, kwenye sinki refu la saruji lenye mabomba manane. Kulisafisha lile sinki ni kazi yangu. Hadi saa sita watoto walikuwa wamekwisha kumbatiza: Bibi Fizi.

Jumatano, 8 Mei
Somo la kwanza. Kagawa vidonge vya rangi ya waridi, kimoja kimoja. Tafuna, zungusha mdomoni, tema, jitazame kwenye kioo. Palipo na ukoga panageuka zambarau.

Watoto thelathini na nane walisimama mbele ya vioo vidogo. Wote walikuwa wameapa kwamba wamepiga mswaki asubuhi. Kila mdomo ulikuwa na ukingo wa zambarau pale jino linapoingia kwenye ufizi, kama mtu kaupitia kwa kalamu. Kiranja wa usafi, anayekagua kucha za wenzake kwa rula, alikuwa zambarau kuliko wote.

"Huo ukoga una uhai," tabibu kasema. "Ni vijidudu vimejenga mji. Mswaki wenu unapoishia, ndipo mji wao unapoanzia."

Nimeshika ufagio shule hii miaka kumi na tisa nikidhani naujua uchafu wote uliomo. Kumbe kuna mwingine ulikuwa unapita mbele yangu kila siku, unanisalimia.

Kidonge kimoja kilibaki, nikakiweka mfukoni kwa usalama wake. Nyumbani nikajifungia bafuni. Sitaandika nilichokiona.

Alhamisi, 9 Mei
Zambarau. Yote.

Ijumaa, 10 Mei
Leo kahesabu. Ana kijiti cha chuma chembamba chenye ncha butu. Anakipitisha taratibu ukingoni mwa ufizi, kisha anangoja. Panapotokeza damu anaweka nukta nyekundu kwenye karatasi. Nusu ya darasa walikuwa na nukta kumi na kuendelea.

"Damu haisemi kwamba mswaki umekuumiza," kawaambia. "Inasema mswaki haufiki hapo. Msipakimbie. Lainisha mkono, rudi palepale, na kesho tena. Wiki mbili, damu itakata."

Mwalimu wa hesabu, aliyekuja kusimamia nidhamu, akauliza, "Yaani tabibu, panapotoka damu ndipo tusugue?"

"Ndipo hapo, mwalimu. Polepole."

Akanitazama, nami nikamtazama. Tulikuwa upande mmoja. Nina miaka hamsini na tatu, na maisha yangu yote nimepakwepa panapotoka damu, kama mtu mwenye akili zake.

Msichana mmoja alikataa kufungua mdomo. Wenzake wanamwita Kiganja, kwa sababu haongei wala hacheki bila kiganja mbele ya midomo. Hata kusoma kwa sauti anasoma hivyo, kitabu mkono mmoja. Tabibu akampeleka pembeni, nyuma ya mlango wa maktaba. Ikawa nina jambo la kufagia kule.

Alipoondoa mkono niliacha kufagia. Fizi zake zimevimba na kushuka juu ya meno kama pazia, na meno yanachungulia ncha tu.

"Kuna dawa unatumia, mdogo wangu?"

"Ya kifafa."

"Tangu lini?"

"Miaka minne."

"Umeanguka tena tangu uianze?"

"Hapana."

Nukta thelathini na moja. Tabibu akaikunja karatasi hiyo mara mbili, asije mtu akaiona.

Jumatatu, 13 Mei
Mvua kutwa. Nimeanza kufuata mafunzo kwa siri: mswaki laini, uulalie ufizi, utetemeshe, usipige deki. Nikatema nyekundu. Mume wangu, fundi cherehani, alikuwa mlangoni na futi yake shingoni.

"Umemng'ata nani?"

Jumanne, 14 Mei
Somo: kwa nini fizi huvimba. Ukoga. Tumbaku. Na kisha: "Kuna na dawa fulani za hospitali ambazo zinaweza kuvimbisha fizi." Hakumtazama mtu yeyote alipokuwa akisema, na hapo nikamsifu moyoni kwa adabu yake. Kengele ikagonga, wakaondoka.

Kiganja alikuwa anaandika. Alipofika hapo kalamu ikasimama. Nikajiambia, afadhali, sasa amejua kwamba si uchafu wake. Ndivyo nilivyofikiri.

Alhamisi, 16 Mei
Kwenye chujio la sinki, chini ya bomba la tatu, nimekuta kidonge cheupe kimeyeyuka nusu. Vya tabibu ni vya waridi. Nimekiweka kwenye kiberiti kitupu. Nina tabia moja: kitu nikikiona wa kwanza, hupenda kukaa nacho kidogo kabla sijakigawa.

Ijumaa, 17 Mei
Kingine. Bomba lilelile.

Jumatatu, 20 Mei
Cha tatu. Na leo nilihakikisha nina kazi dirishani wakati wanasukutua. Bomba la tatu ni la Kiganja. Anakuja nacho shavuni kutoka nyumbani, anakitema pamoja na povu.

Kesho nitamwambia tabibu. Nitampa kiberiti na vidonge vyote vitatu na siku zake, ajue kwamba anayefagia hapa si mfagiaji tu.

Jumanne, 21 Mei
Sikuwahi.

Walikuwa wamejipanga sinkini, povu midomoni. Mimi nilikuwa nakuja na kiberiti mkononi, nimekwisha kupanga hata sentensi ya kuanzia. Nikasikia kishindo kama cha gunia la unga. Watoto wakarudi nyuma wote kwa pamoja, na pale katikati, kwenye saruji yenye maji, alikuwa Kiganja, mwili umekakamaa, kisha ukaanza kutikisika.

Mwalimu wa hesabu akatoka ofisini mbio na kijiko. "Mtieni kijiko, atajing'ata ulimi." Mwingine nyuma yake: "Mama Funguo, mpe funguo azishike." Miaka kumi na tisa, na ndiyo kwanza funguo zangu zinaitwa dawa. Nami, na ninakiri, nilikuwa nimekwisha kuzitoa.

Tabibu alikuwa magotini kwenye maji.

"Asitie mtu kitu mdomoni. Mama, sweta yako, chini ya kichwa. Mwalimu, weka hicho kijiko, tazama saa."

Hakuipandisha sauti. Mwalimu wa hesabu akaweka kijiko chini, akatazama saa, akaanza kutaja: nusu dakika, dakika moja, moja na nusu. Nadhani kupewa kitu cha kuhesabu ndiko kulikomsimamisha. Tabibu hakumshikilia mtoto, hakumkandamiza. Aliweka tu mkono wake baina ya kichwa na ukuta wa sinki, kila kikigonga, kinagonga mkono wake.

Sijui niandikeje. Nimeona mafuriko yakibeba ukuta, na sikuogopa hivi. Mwili mdogo kama ule, nguvu zile zinatoka wapi, na zinataka nini kwake? Na watoto thelathini na saba, ambao huwezi kuwanyamazisha hata kwa fimbo, wamesimama na miswaki yao kama watu walioingia mahali pa ibada.

"Dakika mbili na sekunde arobaini," mwalimu akasema. Mwili ukalegea. Tabibu akamlaza ubavu. Povu likatoka limechanganyika na damu ya fizi. Baada ya muda macho yakafunguka, hayakumjua mtu. Kabla hajajua yuko wapi, kabla hajalijua hata jina lake, mkono wake wa kulia ukapanda taratibu ukafunika mdomo.

Nikamkabidhi tabibu kiberiti. Akakifungua.

"Hivi umeviona lini, mama?"

"Alhamisi."

"Alhamisi iliyopita?"

"Ndiyo."

"Mama," akasema. Hilo tu, akakifunga. Angenitukana ningelala.

Jumatano, 22 Mei
Mama yake Kiganja kaja. Anafua mashuka hospitalini, vidole vyake vimekunjamana na kupauka kwa sabuni. Nilipeleka chai ofisini kwa Mwalimu Mkuu na sikufukuzwa.

"Wewe ndiye uliyemwambia mwanangu dawa inamharibu mdomo?"

"Ni mimi, mama," tabibu akasema. "Nilisema nusu ya kweli, kengele ikagonga. Nusu ya pili ilikuwa ndiyo ya kwake, na nikaondoka nayo."

"Mimi kila asubuhi namwekea ulimini, nasimama mpaka ameze. Kumbe simmezeshi, nasimama tu." Akamgeukia binti yake. "Unajua miaka minne nimelala usingizi? Unataka kunirudisha kule?"

Kiganja akaongea na sakafu, mkono mdomoni. "Kuanguka ni mara mojamoja. Mdomo ninao kila siku."

Mwalimu Mkuu, ambaye ana jibu la kila kitu hadi mvua, alikuwa anapanga kalamu zake.

Tabibu akavuta kiti, akakaa chini kidogo kuliko mtoto. "Nusu ya pili ni hii. Dawa peke yake haifanyi yote hayo. Inakutana na ukoga, ndipo ufizi unapovimba hivi. Dawa hatuwezi kuigusa, na kuiacha ghafla umeona. Ukoga tunaweza. Tukiuondoa kila siku, fizi zitashuka. Sisemi zote. Zitashuka. Nitamwandikia daktari wako, na kama kuna dawa nyingine ataibadilisha yeye, kidogo kidogo. Lakini nipe mpaka siku ya kufunga shule."

"Zisiposhuka?"

"Nitakuwa nimekukosea mara mbili."

Mtoto akafikiri. "Zisiposhuka, sirudi shule. Na dawa siahidi."

Mama yake akafumba macho. Tabibu akasema, "Haya." Sikuamini kwamba mtu anaweza kusema haya kwenye jambo kama lile.

Ikabaki nani atasimamia dawa ya asubuhi. Mwalimu Mkuu akanigeukia. "Mama Funguo, wewe si ndiye hodari wa kutunza vidonge?"

Nilistahili.

Alhamisi, 23 Mei
Saa moja kasorobo, stoo. Kidonge, kikombe cha maji, mimi nimegeukia rafu nikijifanya nahesabu chaki. Kisha mswaki.

Ijumaa, 24 Mei
Vilevile. Chaki ni makasha kumi na manne.

Jumatatu, 27 Mei
Kiganja: bado nukta thelathini na moja. Mvua.

Jumanne, 28 Mei
Leo nimetema, mate meupe.

Nikarudia. Meupe. Nikarudia mara ya tatu, kwa nguvu kidogo, kama mtu anayetafuta ugomvi. Siku ya kumi na sita. Ile damu niliyokuwa nayo tangu mtoto wangu wa kwanza, niliyodhani ni yangu kama vile pua ni yangu, imekata. Na hakuna aliyenipa sindano wala dawa. Nilirudi tu palepale palipouma, kila siku, kwa mkono mwepesi. Nimekaa ukingoni mwa beseni hadi mume wangu akauliza kama nimezimia.

Jumatatu, 3 Juni
Nukta za darasa zima zimeshuka nusu. Kiganja: thelathini. Nukta moja. Alifunga mdomo, akafunga na uso.

"Moja imekwenda," tabibu akasema.

"Bado thelathini," akajibu.

Alhamisi, 6 Juni
Tabibu kamfundisha kupitisha uzi baina ya meno. Tabu kweli, fizi zimeziba njia. Nimepewa uzi kidogo nijaribu na mimi. Mume wangu: "Mnashona nini humo ndani?"

Jumatatu, 10 Juni
Ishirini na sita. Mwalimu wa hesabu kaomba karatasi za darasa zima, kwa namba bila majina, afundishie grafu. Kachora mstari ubaoni, unashuka. Akauona mstari wa namba ishirini na tisa, namba ya Kiganja, uko juu peke yake, hauongozani na mwenzake. Hakuuliza ni wa nani. Akasema tu, "Huu nao utashuka, hauna pengine pa kwenda." Nimemfikiria vibaya mtu huyu miaka mingi.

Jumatano, 12 Juni
Stoo, asubuhi. Kiganja amekunywa dawa, na mswaki anao, lakini hakutoka.

"Mama, nikianguka huwa nafanyaje?"

Nikageuka kutoka kwenye chaki. "Hujawahi kuambiwa?"

"Wote wanasema usijali."

Nikakaa juu ya ndoo. Nikamwambia kama nilivyoona: kishindo, mikono, macho, dakika mbili na sekunde arobaini. Sikupunguza kitu, ila kijiko nilikiacha. Alisikiliza bila kupepesa.

"Wakati huo ninakuwa wapi?"

"Sijui, mwanangu. Nilikutafuta machoni sikukuona. Halafu mkono ukapanda mdomoni, nikasema, huyo, karudi."

Akacheka. Nyuma ya kiganja, lakini alicheka.

Kisha nikamwambia na la vidonge. Kwamba niliviona siku tatu, nikanyamaza kwa sababu nilipenda kuwa ninajua peke yangu. Akafikiri.

"Hata mimi nilipenda kuwa ninajua peke yangu," akasema, akaenda sinkini.

Jumatatu, 17 Juni
Ishirini na moja.

Jumanne, 18 Juni
Jua, kwa mara ya kwanza. Nimeanika matambara.

Jumatatu, 24 Juni
Kumi na saba. Tabibu alihesabu mara mbili. Nimegundua huwa anacheka. Anacheka kwa pua, cheko dogo, kama mtu anayezuia chafya.

Jumatatu, 1 Julai
Kumi na mbili. Mama yake kaja mwenyewe kuangalia, na sare ya kazini mwilini. Alimshika mtoto kidevu, akatazama, akamwachia. Getini alisimama akageuka, akamwita tabibu "mwanangu".

Ijumaa, 5 Julai
Barua ya daktari imefika. Dawa iendelee ileile, asiipunguze mtu. Likizo mama yake ampeleke, na daktari ataanza kumwingizia nyingine huku akiipunguza hii, kwa miezi. Kiganja kaisoma mwenyewe. "Miezi mingapi?" Haikuandikwa. Akaikunja barua, hakuipasua. Nilikuwa nimejiandaa aipasue.

Jumatatu, 8 Julai
Kumi na mbili tena. Hazikushuka. Nimepiga deki darasa la nne mara mbili, kwa kusahau.

Jumatatu, 15 Julai
Hesabu ya mwisho. Tabibu kaniita nishike taa. Simchungulii mtu siku hizi, naitwa.

Nukta tano.

Fizi hazijawa kama za wengine. Mbele, juu, bado zimenona. Lakini pazia limepanda, na zile nyekundu za kung'aa kama plastiki zimefifia na kukaza. Tabibu akampa kioo. Mtoto akakitazama muda mrefu, akaleta kidole, akagusa jino moja pembeni karibu na la chonge.

"Dada, hili limeota lini?"

"Halijaota."

"Halikuwepo."

"Lilikuwepo. Tangu una miaka saba au minane. Lilikuwa limefunikwa."

Nikasogeza taa karibu. Jino jeupe, halijapigwa na mwanga miaka minne. Lilikuwa mle ndani siku zote, zima, likingoja. Mwalimu wa hesabu alikuwa mlangoni na kalamu, anataka namba ya ishirini na tisa. Tabibu akasema tano. Akaandika, akaitazama, akavua miwani.

Kiganja hakutabasamu. Alikuwa bado na kazi. Alikuwa akiligusa lile jino, akiliacha, akiligusa tena.

Ijumaa, 19 Julai
Shule imefungwa. Walipokwisha kutoka wote Kiganja alikuja stoo kuchukua dawa zake za likizo. Nikampa bahasha. Wiki tano. Mama yake anaingia kazini alfajiri sasa, kwa hiyo hakuna atakayesimama mbele yake, wala atakayehesabu chaki nyuma yake. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, mengi. Nikayaona yote ni ya mtu anayeogopa.

Hakuondoka. Cha leo hakuwa amekunywa. Akatoa kidonge, akakiweka ulimini, akameza bila maji, pale kizingitini, walimu wakipita na mabegi yao. Kisha akafungua mdomo wote nione. Akainua ulimi. Akavuta shavu la kulia kwa kidole, akavuta la kushoto. Sikuwa nimemwomba. Mikono yote miwili ilikuwa inanionyesha, hakuna uliofunika.

"Umeona, mama?"

Nikasema nimeona.